Kazi Inaendelea

Asubuhi ile nyumba ilikuwa kimya kupita kiasi. Mwanamke ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Mashine alikaa kitandani akitega sikio, akakumbuka kilichokosekana. Mvumo wa feni haukuwepo. Alikwisha kuuzoea kama mtu anavyozoea pumzi ya mwenzake kitandani, hausikii mpaka ukatike. Alijitupia nguo, akaenda chumba cha mbele bila viatu.

Mashine ya kutotolesha vifaranga ilisimama mahali pake ukutani, ndefu kama kabati la nguo, na mlango wake wa kioo. Ndani, kwenye trei, mayai yalikuwa yamepangwa kama watoto darasani. Juu ya mlango, pale ambapo kila siku husomeka joto na unyevu, palikuwa na maandishi ya bluu: KAZI INAENDELEA. USIZIME. USIFUNGUE.

Hakushtuka. Hilo alifundishwa. Kwenye semina ya kampuni iliyomkodisha mashine, waliambiwa kwamba mara kwa mara kampuni huzipelekea mashine zake kazi kupitia mtandao. Leo watarekebisha mpango wa joto, kesho namna ya kugeuza mayai, na hakuna haja ya fundi kutoka ofisini. Mashine ikiwa inapokea kazi, hita na feni hupumzika na mlango hujifunga wenyewe. Ni dakika chache tu. Mwenye mashine hatakiwi kugusa kitu. Aliyajua hayo kwa moyo, na cheti cha kuthibitisha kwamba anayajua kilikuwa ndani ya fremu ukutani, mahali ambapo nyumba nyingine huweka picha ya harusi. Picha yao ya harusi ilikuwa chini ya cheti.

Akawasha jiko, akateka maji, akawaamsha watoto, akawatafutia soksi zao. Aliporudi chumba cha mbele maandishi yalikuwa yale yale. Aliweka kiganja kwenye kioo. Kioo kilikuwa baridi kama glasi ya maji.

"Baba watoto," aliita. "Mashine bado iko kazini."

Mumewe alikuwa fundi viatu. Alikuwa barazani tayari, akipanga soli za watu kwenye meza yake. Aliingia akachungulia, gundi mkononi.

"Kazini wapi? Mbona haitoki jasho?"

"Acha mzaha. Joto la mayai linashuka."

"Basi iamshe."

"Haiamshwi. Inasubiriwa."

Kutoka chumba cha nyuma ikaja sauti ya mama mkwe, ambaye masikio yake yalikuwa mazima kuliko magoti yake. "Kuku wangu mimi, akishalalia, hakuna mtu wa kumpigia simu kutoka mjini akamwambia, hebu simama kidogo nikufundishe kulalia!"

Fundi viatu alicheka. Mkewe hakucheka. Kila yai ndani ya ile mashine lilikuwa yai ambalo mtoto wa mtu hakulila. Wanawake wa mtaa walikuwa wameyakusanya moja moja, wakiyaficha nyuma ya mitungi na juu ya makabati. Wengine walisusiwa na waume zao kwa sababu hiyo, mpaka yalipojaza trei wakamletea. Siku za kuanguliwa zilikuwa zimekaribia kabisa. Usiku wa kuamkia jana yake alikuwa ameyamulika kwa tochi, akaona vivuli vikicheza ndani ya maganda.

Akapiga simu huduma kwa wateja. Alisikiliza muziki, kisha akaambiwa ajivunie kuwa mteja, kisha muziki tena. Mwishowe akaja msichana mwenye sauti ya asali.

"Mpendwa mteja, nikusaidie nini leo?"

Akaeleza. Akasikia vidole vikigonga vibonyezo.

"Naiona mashine yako, mama. Iko sawa. Kazi inaendelea."

"Haiendelei, binti yangu. Imesimama tangu alfajiri. Mayai yanapoa."

"Huenda mtandao ulikatika katikati ya kazi. Ukirudi, itamalizia."

"Na usiporudi?"

"Basi kazi itahesabika imeshindwa. Ikishindwa, mashine inarudia mpango wake wa zamani, inapasha joto kama kawaida, na mfumo unatuambia tulete fundi."

"Sasa ihesabuni imeshindwa."

"Haijashindwa, mama. Haijafikia muda wake."

"Muda wake ni lini?"

Vidole vikagonga tena. Safari hii vilichelewa kidogo. "Siku saba."

Mama Mashine aliitoa simu sikioni, akaitazama, akairudisha. "Binti yangu, wewe kwenu mlifuga kuku?"

"Ndiyo, mama."

"Yai likikaa siku saba kwenye baridi, linakuwa nini?"

Msichana alikohoa. Kisha ile asali ikarudi. "Nimeyapokea malalamiko yako. Lakini siwezi kuyafungulia faili, kwa sababu mfumo unaonyesha kazi inaendelea. Kuna lingine nikusaidie?"

Fundi viatu, aliyekuwa amesimama akisikiliza, hakungoja simu ikatwe. Aliinama akachomoa waya ukutani. Mashine ililia mlio mmoja mfupi, na maandishi ya bluu yakabaki pale pale.

"Ina betri," mkewe alisema. "Hata umeme ukikatika inaendelea."

Betri ilikuwa chini, ndani ya kisanduku cha chuma kilichopigwa lakiri nyekundu ya kampuni kwenye uzi wa waya. Juu ya lakiri paliandikwa kwamba atakayeivunja amevunja mkataba. Fundi viatu alikwenda barazani akarudi na koleo lake la kung'olea misumari. Alimkuta mkewe amesimama mbele ya kisanduku, miguu ameipanua kama golikipa.

"Ondoka hapo, mama watoto."

"Usiguse."

"Nakata huu uzi, natoa betri, mashine inazima, mlango unafunguka. Ukiwasha tena, akili itakuwa imeirudia."

"Umesomea wapi hayo?"

"Redio yangu ikigoma nafanya hivyo hivyo."

"Hii si redio. Tuliambiwa, ukiizima ikiwa kazini inaweza kufa moja kwa moja. Waliotufundisha ndio walioitengeneza."

"Unaiogopa kampuni kuliko unavyoniogopa mimi."

"Wewe hujanipa cheti."

Maneno yale yalimtoka kwa haraka, akayajutia yalipokuwa bado hewani. Fundi viatu alilitazama koleo, akaitazama fremu ukutani, na picha iliyo chini yake. Akarudi barazani. Kutwa nzima alisikika akigonga misumari kwenye visigino vya watu kwa nguvu ambazo kiatu hakikuzihitaji.

Mama Mashine akachomeka waya, akaanza kazi yake. Alivivua vitanda vyote blanketi, akaizungushia mashine kuanzia juu hadi chini. Akaweka majiko mawili ya mkaa chumbani, akafungua dirisha ili wasikose hewa, akalifunga kwa sababu ya baridi, akalifungua tena. Akachemsha maji, akayatia kwenye chupa za plastiki, akazipachika kati ya blanketi na chuma. Chupa zikipoa anachemsha mengine. Kila mara aliinua pindo la blanketi na kuchungulia kioo kama mtu anayemchungulia mgonjwa. Ndani mayai yalitulia tu, meupe na ya kahawia, na mkono wake haukuweza kuyafikia.

Jioni akaja Mama Pacha, jirani wa nyumba ya mwisho, mwanamke mwenye mayai mengi kuliko wote mle ndani. Alisimama mlangoni, mkono kiunoni.

"Hodi humu. Yarabi, joto! Mnaoka mkate?"

"Karibu, dada."

"Naona mmeivalisha mashine blanketi. Inaumwa?"

"Inafanya kazi."

"Kazi ya kulala?" Mama Pacha alisogea. "Nimesikia kwa watu imezima."

"Watu hawakosi neno. Kampuni wanaiongezea nguvu tu. Ndiyo utaratibu."

"Haya. Wewe ndiye uliyesoma." Alichungulia kioo muda mrefu. "Wale pacha wangu nimewaambia safari hii kila mmoja atapata kifaranga wake. Wameshawapa majina. Mmoja amemwita wake Meneja."

Wakacheka wote wawili. Mama Mashine alicheka mpaka machozi yakamtoka, na alishukuru kwamba moshi wa mkaa ulikuwepo wa kusingiziwa.

Kulipokucha maandishi ya bluu yalikuwa hayajabadilika. Alivaa gauni lake la semina, akaenda ofisini kwa kampuni.

Ofisi ilikuwa na kiyoyozi. Aliketi kwenye kiti cha wageni, na baridi ile ikamuuma kwa niaba ya mayai. Mlinzi alimtaka aandike jina. Aliyekaa mapokezi alimwambia meneja yuko kwenye mafunzo, akamwelekeza kwa kijana mmoja aliyekaa nyuma ya kompyuta mbili, shati limechomekwa vizuri, uso wa mtu asiyelala vya kutosha.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nimeleta mashine yangu."

Kijana alitazama mikono yake mitupu.

"Iko humo ndani," alisema Mama Mashine, akionyesha kompyuta kwa kidevu. "Nitazamie."

Kijana akatafuta. Kwenye kioo cha kompyuta kulikuwa na safu za vidoti, kila kidoti mashine ya mtu mahali fulani. Vingi vilikuwa kijani. Vichache vilikuwa bluu. Chekundu hakikuwepo hata kimoja.

"Hii hapa. Bluu. Kazi inaendelea."

"Mwanangu, ukiniambia neno hilo tena nitapiga kelele humu ndani, na mimi si mtu wa kupiga kelele."

Kijana alisogeza kiti, akapunguza sauti. "Mama, najua imekwama. Sehemu kubwa imeshaingia, mtandao ukakatika, sasa haiendi mbele wala hairudi nyuma. Inangoja muda uishe ijihesabu imeshindwa."

"Siku saba. Nani aliweka siku saba? Kutotoa kifaranga kwenyewe ni wiki tatu!"

"Mwanzo kikomo kilikuwa nusu saa. Nusu saa ikipita, mashine inaachia, inarudi kupasha joto, tunajaribu tena siku nyingine. Ilikuwa sawa."

"Kwa nini mkabadilisha?"

Kijana alitazama mlango wa meneja, ambao ulikuwa umefungwa. "Zilikuwa zinashindwa nyingi. Kila inayoshindwa inakuwa nyekundu, na nyekundu zinahesabiwa mwisho wa mwezi. Makao makuu wakauliza kwa nini tawi letu lina nyekundu nyingi. Ikasemwa, tuongeze muda. Ukiongeza muda, hazishindwi. Zinaendelea."

"Kwa hiyo mayai yangu yanakufa ili kidoti chenu kisiwe chekundu."

"Sikusema hivyo, mama."

"Umesema. Ila umelisema kwa adabu." Aliinamia meza. "Ikatishe wewe. Bonyeza hapo."

"Kukatisha kazi iliyokwisha kuanza kunataka kibali cha meneja. Nimempigia tangu jana, hapokei."

"Nikivunja lakiri mwenyewe? Itakufa?"

Kijana alikunja midomo. Vidole vyake vilicheza na kalamu. "Mama, mimi siwezi kukwambia vunja."

"Nimeuliza kama itakufa."

"Na siwezi kukwambia kwamba itakufa," alisema kijana, macho kwenye kalamu.

Ilimchukua hatua chache kuelekea mlangoni ndipo jibu likamfikia. Aliondoka bila kuaga.

Fundi viatu alimwona akija kwa mbali, gauni la semina limelowa jasho kwapani, mwendo wa mtu anayewahi msiba. Alimpa koleo. Alikuwa ameliweka tayari mezani, pembeni ya viatu vya watu.

Mkewe alipiga magoti akaikata lakiri. Uzi wa nyaya ulikuwa mwembamba, ulikatika kama uzi wa kushonea. Mumewe alichomoa waya ukutani, yeye akachomoa betri. Maandishi ya bluu yakapotea. Mlango wa kioo ukaachia kwa mlio mdogo, kama mtu anayefyonza.

Wakahesabu mpaka kumi. Hawakujua kwa nini wanahesabu, ila ndivyo mtu anavyofanya. Wakarudisha betri, wakachomeka waya. Taa ikawaka, mashine ikajikohoza, feni ikaanza kuzunguka. Juu ya mlango ikaandika joto, na joto likaanza kupanda, tarakimu kwa tarakimu, kana kwamba hapakuwahi kutokea lolote.

Fundi viatu alisimama ameshika waya. Angeweza kusema. Mkewe alingoja aseme, na alikuwa tayari kuyapokea.

"Ningekata jana," alisema mwishowe.

"Ndiyo."

"Jana asubuhi."

"Ndiyo, nimekusikia."

"Kama redio tu," alisema fundi viatu.

Mama mkwe alijikongoja mpaka mlangoni. Aliingiza mkono kwenye mashine, akatoa yai moja, akaliweka shavuni kama wafanyavyo wazee wakitaka kujua homa ya mtoto. Akalirudisha yai taratibu, akaenda zake.

Siku za kuanguliwa zilifika na kupita. Maganda machache yalipasuka tundu. Midomo ikaonekana, ikagonga mara mbili tatu, ikaishia hapo. Mama Mashine aliwasaidia vifaranga wawili kwa maji ya uvuguvugu na ncha ya kucha. Walitoka wamelowa, miguu imepinda, wakalala ubavu kwenye kitambaa. Kabla ya magharibi walikuwa wameacha kuhema. Mengine yote hayakupasuka kabisa. Aliyamulika kwa tochi. Kila yai lilikuwa limejaa giza lisilotikisika.

Kijana wa kompyuta ndiye aliyetumwa. Alikuja na gari la mizigo na wapagazi wawili, akavua viatu mlangoni, akaketi pale alipoonyeshwa. Hakutazama cheti.

"Mama, pole sana."

"Nimeshapoa. Sema ulichotumwa."

"Kampuni ina bima ya mayai. Kazi ya mtandao ikishindwa na mayai yakaharibika, kampuni inalipa. Tatizo..." Alifungua simu yake kubwa akasoma, maana ilikuwa rahisi kusoma kuliko kusema. "Tatizo kazi yako haikushindwa. Mfumo umeandika, imekatishwa na mteja. Siku ya pili. Na lakiri imevunjwa, kwa hiyo mkataba umekwisha na mashine inarudi ofisini."

"Ningengoja zile siku nyingine tano, je?"

"Ingejihesabu imeshindwa. Ungelipwa kila yai."

Fundi viatu aliinuka barazani. "We kijana! Siku tano zaidi na baridi ile, si yangekuwa mawe?"

"Yangekuwa mawe ya kampuni, mzee wangu," alisema kijana kwa sauti ya chini. "Sasa ni mawe yenu."

Alilisema bila kejeli, na labda ndiyo sababu fundi viatu hakumrukia. Mama Mashine alimtazama kijana, akakumbuka kalamu ile iliyokuwa ikicheza vidoleni.

"Wewe ulijua hayo ya bima siku ile."

"Nilijua, mama."

"Na ukaniacha niondoke."

"Nilidhani utayaokoa," alisema kijana. Macho yake yalikuwa mekundu. "Haki ya Mungu, nilidhani bado yako mazima."

Wapagazi waliibeba mashine, wakaigonga kwenye fremu ya mlango wakati wa kutoka. Pale iliposimama pakabaki mraba msafi sakafuni. Trei za mayai waliziacha. Hizo zilikuwa za wenyewe.

Watotoleshaji wote wana kanuni yao, na haikuletwa na kampuni. Yai lisilototoka hurudi kwa mwenyewe. Usipolirudisha, watu watasema uliuza kifaranga ukasingizia kifo. Kwa hiyo kesho yake mchana, jua limesimama, Mama Mashine alitoka na trei ya kwanza mikononi, na mumewe nyuma yake na nyingine. Alikuwa amemwambia abaki na viatu vyake. Fundi viatu alisema viatu havina miguu, havitakwenda popote.

Kila yai lilikuwa na alama ya penseli: msalaba, nyota, mistari miwili. Walianza nyumba ya mwisho, ambako alama ilikuwa vidoti viwili. Mama Mashine alitaka kumaliza lile gumu kwanza.

Mama Pacha alikuwa akifua uani. Aliwaona, akasimama, povu likamdondoka kwenye viwiko.

"Dada," alisema Mama Mashine. "Nimekuletea mayai yako. Nilikudanganya jioni ile. Mashine ilikuwa imezima, nikaogopa kuizima zaidi. Kosa ni langu."

"Na kampuni inasemaje?"

"Inasema hivyo hivyo."

Mama Pacha alikausha mikono kwenye gauni, kidole kwa kidole. Mlangoni kwake wasichana wawili wa sura moja walichungulia. Aliwaamuru waingie ndani, na hawakuingia.

"Watu wanasema gari lilikuja kwako," alisema. "Wanasema lilibeba vifaranga."

"Lilibeba mashine."

"Mimi sikuliona."

"Watu gani hao?" alifoka fundi viatu. "Waje hapa waseme!"

"Shemeji, mimi nasema nilichosikia. Nilikataza wanangu mayai kwa muda mrefu." Akachukua yai moja kwenye trei, akaligeuza akaona vidoti viwili, akaligonga kwenye ukingo wa beseni. Ganda likafunguka. Kifaranga alikuwa amejikunja ndani, kamili, manyoya yamemlala mwilini, mdomo umeelekezwa juu. Mmoja wa wale wasichana alitoa sauti ndogo.

Mama Pacha alimtazama kifaranga muda mrefu, kisha akamlaza kwenye jiwe la kufulia. Alichukua yai la pili. Akaligonga. Alikuwa vile vile. Akamlaza kando ya mwenzake.

"Twende zetu," fundi viatu alimnong'oneza mkewe. "Ameshaona."

"Ngoja amalize."

"Anavunja yote?"

"Ni yake."

Milango ya nyumba nyingine ilikwisha kufunguka. Wanawake walitoka mmoja mmoja, wakasimama kwenye kivuli cha ukuta, mikono imefungwa kifuani. Hakuna aliyemsalimu. Mama Mashine aliisogeza trei karibu kidogo na Mama Pacha, asije akalazimika kujinyoosha.

Mama Pacha akachukua la tatu.